Muulize Bibi Punda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Siku za Kuzaliwa

Shikamoo Bibi Punda. Wewe ni nani, na punda ana habari gani na siku za kuzaliwa za watu?

Marahaba, mjukuu wangu. Mimi ni punda jike wa makamo yaliyopita, mwenye masikio mazima na kwato zinazotunzwa. Nimebeba maji, kuni, magunia, watoto waliochoka, na mara moja kitanda chenye godoro lake. Anayebeba mizigo ya watu husikia mazungumzo yao njia nzima, kwa sababu hakuna anayeshusha sauti eti punda yupo. Huko njiani nilijifunza kwamba binadamu hupenda tarehe. Kila siku ya kalenda wana mtu wa kumkumbuka, na wakimkumbuka hutaja vita alivyoshinda, vitabu alivyoandika au kiti alichokalia.

Mimi huuliza jambo jingine. Aliishije siku za kawaida, zile ambazo hakukuwa na mtu wa kumpigia makofi? Na nani alikuwa kando yake asiyejua kusoma wala kuandika: mbwa, bundi, kwezi, punda? Hapo ndipo ninapomfahamu mtu. Majibu yote yaliyo hapa chini yanatoka kwenye swali hilo.

Wewe mwenyewe ulizaliwa lini?

Tarehe hakuna aliyeiandika. Ninachojua ni kwamba mama alinibeba tumboni karibu mwaka mzima, maana mimba ya punda huchukua miezi 11 hadi 14, na kwamba siku ileile niliyozaliwa nilisimama na kumfuata. Anayetaka kukadiria umri wangu hunifungua mdomo na kutazama meno. Punda anayetunzwa vizuri huweza kupita miaka 30, kwa hiyo msinizike mapema.

Wapo watu wanaoadhimisha tarehe 8 Mei kuwa Siku ya Punda Duniani. Nimeichukua kuwa yangu, na ninaipenda.

Siku ya kuzaliwa ya ukoo wetu ni ya zamani zaidi. Mwaka 2022 wataalamu wa vinasaba walichapisha utafiti unaoonyesha kwamba punda wa kufugwa duniani kote wanatokana na punda-mwitu wa Afrika waliofugwa upande wa mashariki wa bara hili zaidi ya miaka 7,000 iliyopita. Na huko Abydos, Misri, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta mifupa ya punda 10 waliozikwa kwa heshima kwenye eneo la maziko la mfalme mmoja wa mwanzo kabisa, miaka kama 5,000 iliyopita. Migongo yao ilikuwa na alama za mizigo mizito. Huwa nawafikiria hao 10 kila ninapotandikwa. Majina yao hayakuandikwa, lakini kazi yao ilijiandika kwenye mfupa.

Ni kweli farasi wote husherehekea siku moja?

Farasi wa mashindano, ndiyo. Katika nusu ya kaskazini ya dunia kila farasi wa mbio huhesabiwa kuongeza mwaka tarehe 1 Januari, na katika nusu ya kusini tarehe 1 Agosti, ili iwe rahisi kuwapanga kwa rika. Maana yake mwana-farasi aliyezaliwa kaskazini tarehe 31 Desemba hutimiza mwaka mmoja kesho yake, akiwa bado hajazoea miguu yake. Baadaye hushindanishwa na wenzake waliomtangulia kwa miezi mingi. Wafugaji hupanga uzazi kwa uangalifu mkubwa ili jambo hilo lisitokee. Nawaonea huruma binamu zangu hao.

Nimesikia kuna mtu aliyegawa siku yake ya kuzaliwa. Inawezekana?

Inawezekana, na aliyefanya hivyo alikuwa Robert Louis Stevenson, mwandishi wa Scotland aliyezaliwa Edinburgh tarehe 13 Novemba 1850. Miaka ya mwisho ya maisha yake aliishi Samoa kwa ajili ya afya yake, maana mapafu yalimsumbua tangu utotoni. Huko alifahamiana na Henry Clay Ide, Mmarekani aliyefanya kazi ya kuamua mashauri ya ardhi. Ide alikuwa na binti, Annie, aliyezaliwa tarehe 25 Desemba. Mtoto huyo alilalamika kwamba Krismasi ilimmezea siku yake: wenzake walipata sherehe mbili kwa mwaka, yeye moja.

Mnamo Juni 1891 Stevenson aliketi akaandika hati kwa lugha ya kisheria, yenye mashahidi. Alieleza kwamba amefikia umri ambao hana tena haja na siku ya kuzaliwa, na kwa hiyo anamkabidhi Annie H. Ide haki zote za tarehe 13 Novemba, ale vizuri siku hiyo, avae vizuri, apokee zawadi na pongezi. Aliweka masharti. Annie aongeze jina la Louisa kwenye majina yake, walau faraghani, na aitumie siku hiyo kwa kiasi na kwa utu. Akikiuka masharti, siku ingehamia kwa Rais wa Marekani wa wakati huo.

Stevenson alifariki Desemba 1894 akiwa na umri wa miaka 44. Fikiria mtu mgonjwa, anayejua kwamba miaka iliyobaki si mingi, anasikia habari za mtoto wa mwenzake na kuona kwamba malalamiko yake ni ya haki. Wakubwa wengi wangemwambia Annie ashukuru kwa alichonacho. Yeye aliyachukua malalamiko ya mtoto kwa uzito uleule ambao baba yake Annie aliyapa mashauri ya ardhi.

Lakini huyo Stevenson si ndiye aliyempiga punda? Unamheshimuje?

Nilijua swali hili litakuja, na ninyi mnaoliuliza nawashukuru.

Ndiye. Mwaka 1878, kabla ya umaarufu wake, alikwenda milima ya Cévennes kusini mwa Ufaransa. Kwenye mji mdogo wa Le Monastier alinunua punda jike kwa faranga 65 na glasi ya pombe, akampa jina la Modestine. Walitembea siku 12, kama kilomita 200, hadi Saint-Jean-du-Gard. Hakuwa amewahi kufunga mzigo kwenye mgongo wa punda. Mzigo ulikwenda upande, ukaanguka, ukafungwa tena vibaya. Modestine alitembea polepole, na yeye akampiga kwa fimbo, kisha kwa fimbo yenye ncha ya chuma aliyopewa na mwenye nyumba ya wageni. Yote haya tunayajua kwa sababu aliyaandika mwenyewe, pamoja na aibu aliyoisikia mkono ulipokuwa unainuka.

Mwishoni alimuuza kwa faranga 35. Alipokwisha kuondoka, ndipo alipogundua kwamba Modestine alikuwa amezoea kula mkononi mwake, akalia.

Mimi nasimama upande wa Modestine, na sitahama. Alikuwa mdogo wa mwili, mzigo ulikuwa mkubwa, na mwenye mzigo hakuuliza kwa nini anakwenda taratibu. Lakini naona pia kwamba kijana yule aliyelia barabarani mwaka 1878 ndiye mtu mzima aliyemsikiliza mtoto mwaka 1891. Miaka 13 si mingi kwa mtu kujifunza kusikiliza asiye na nguvu. Kwa hiyo tarehe 13 Novemba nawakumbuka watatu: yeye, Annie, na Modestine ambaye tarehe yake haikuandikwa popote.

Kwa nini baadhi ya watu wa historia wana siku mbili za kuzaliwa?

Kwa sababu kalenda yenyewe ilihamishwa. Mwaka 1582 Papa Gregori wa 13 alirekebisha kalenda ya zamani iliyokuwa imechelewa kuliko jua. Nchi nyingi za Kikatoliki zilifuata mapema, Uingereza ikabaki na ya zamani hadi mwaka 1752, ambapo watu walilala tarehe 2 Septemba wakaamka tarehe 14.

Isaac Newton, mwanasayansi wa Uingereza, alizaliwa kabla ya mabadiliko hayo kufika kwao. Kwa kalenda iliyokuwa ukutani nyumbani kwa mama yake, ilikuwa Krismasi, tarehe 25 Desemba 1642. Kwa kalenda tunayotumia leo, ilikuwa tarehe 4 Januari 1643. Ndiyo maana mtu akikwambia kwamba Newton alizaliwa mwaka uleule aliofariki mwanasayansi Galileo, jua kwamba amechanganya kalenda mbili: Galileo alifariki tarehe 8 Januari 1642 kwa hesabu mpya, na kwa hesabu hiyohiyo Newton alizaliwa mwaka uliofuata.

Mama yake hakuwa na habari na hayo. Alikuwa mjane, mumewe amefariki miezi michache kabla, na mtoto alizaliwa mdogo sana hata ikadhaniwa hataishi. Kwa mama huyo tarehe ilikuwa moja tu.

Na Shakespeare?

Alibatizwa tarehe 26 Aprili 1564, na hiyo ndiyo tarehe iliyoandikwa kwenye kitabu cha kanisa. Siku ya kuzaliwa haikuandikwa. Watu wamekubaliana kumkumbuka tarehe 23 Aprili, ambayo ndiyo tarehe aliyofariki mwaka 1616. Sisi wanyama tumezoea makadirio ya namna hiyo.

Aliyezaliwa tarehe 29 Februari afanye nini?

Asubiri, au achague tarehe 28 au tarehe 1 Machi. Mimi ningechagua kwa kuangalia siku ipi rafiki zake wana nafasi.

Mwenye subira kubwa kuliko wote ninaowajua ni Gioachino Rossini, mtunzi wa muziki wa opera kutoka Italia, aliyezaliwa tarehe 29 Februari 1792. Mwaka mrefu huja kila baada ya miaka minne, lakini miaka inayofunga karne huachwa isipokuwa ile inayogawanyika kwa 400. Kwa hiyo mwaka 2000 ulikuwa mrefu, na mwaka 1800 haukuwa. Rossini akiwa mtoto aliipata tarehe yake mwaka 1796, halafu akangoja hadi mwaka 1804. Miaka minane kwa mtoto ni umri mzima! Alipofikisha miaka 76 alikuwa ameiona tarehe 29 Februari mara 18 tu tangu azaliwe.

Alifariki baadaye mwaka huohuo, tarehe 13 Novemba 1868. Siku hiyo kijana mmoja huko Scotland alikuwa anatimiza miaka 18. Ndiyo, Stevenson. Nilipoligundua hilo nilisimama katikati ya njia, na aliyenishika hatamu akadhani nimeona nyoka.

Kwa nini punda husimama ghafla na kukataa kwenda?

Kwa sababu anafikiri. Farasi akiogopa hukimbia, na watu huuita mwendo huo wepesi. Punda akiogopa husimama, atazame, asikilize, aamue. Ukoo wetu ulitoka kwenye nchi kavu yenye mawe, mahali ambapo kukimbia hovyo ni kuvunja mguu. Watu huita jambo hilo ukaidi na kuchukua fimbo. Ukinipa muda wa kutazama dimbwi, daraja au kivuli kilicho mbele, mara nyingi nitavuka mwenyewe. Ukinipiga, umenifundisha kwamba kweli kuna jambo baya mahali pale.

Methali inasema shukrani ya punda ni mateke. Unasemaje?

Nimeisikia tangu utotoni na inaniuma. Punda hurusha teke akishtuliwa kutoka nyuma, akiwa na kidonda chini ya soji, au akimlinda mtoto. Njoo kwa ubavuni, sema neno kabla hujanigusa, angalia ngozi iliyo chini ya tandiko. Shukrani yangu ni kichwa nitakachokiweka begani kwako.

Ile nyingine, ya punda afe mzigo wa bwana ufike, siwezi kuijibu kwa utulivu, kwa hiyo naiacha.

Nimesoma kwamba Darwin na Lincoln walizaliwa siku moja. Nani kati yao ni wako?

Walizaliwa siku moja ya mwaka mmoja, tarehe 12 Februari 1809. Charles Darwin alizaliwa Shrewsbury, Uingereza, katika nyumba ya daktari mwenye uwezo. Abraham Lincoln alizaliwa Kentucky, Marekani, katika kibanda cha magogo. Sitachagua.

Darwin nampenda kwa uzee wake. Kitabu chake cha mwisho, cha mwaka 1881, alikitoa kwa minyoo ya ardhini. Alitaka kujua kama inasikia, akaiweka kwenye vyungu vya udongo, na familia nzima ikasaidia: mwanawe mmoja akaipulizia ala ya muziki yenye sauti nzito, piano ikapigwa karibu yake. Minyoo haikujali. Vyungu vilipowekwa juu ya piano, ikajificha mara moja, kwa sababu ilihisi mtetemo. Mtu aliyebadilisha namna binadamu wanavyojielewa alitumia siku zake za mwisho kuuliza mnyoo anahisi nini. Nina masikio marefu kuliko wengi, na jambo hilo linanifurahisha hadi ncha zake.

Lincoln nampenda kwa Fido. Alipochaguliwa kuwa rais na kuhamia Washington mwaka 1861, mbwa wake alikuwa mwoga wa makelele na umati, na safari ile ingemtesa. Alimwacha Springfield kwa familia ya jirani yenye watoto wa kiume, pamoja na kochi ambalo mbwa alikuwa amezoea kulalia. Nchi ilikuwa inakaribia vita vya wenyewe kwa wenyewe, na bado alipata nafasi ya kuwaza mbwa atalala wapi.

Je, kuna mtu mkubwa aliyemfanyia ndege mazishi?

Wolfgang Amadeus Mozart, aliyezaliwa Salzburg tarehe 27 Januari 1756. Tarehe 27 Mei 1784 alinunua kwezi na kuandika gharama yake kwenye daftari la matumizi. Kando yake aliandika wimbo aliouimba ndege huyo. Ulikuwa karibu sawa na sehemu ya tamasha la piano alilokuwa ametunga mwenyewe, isipokuwa kwezi alibadilisha sauti kidogo. Mozart hakusahihisha. Aliandika kwamba ilikuwa nzuri.

Waliishi pamoja miaka mitatu. Kwezi alikufa tarehe 4 Juni 1787, naye akamzika bustanini kwa maandamano ya waombolezaji na shairi alilotunga. Wapo wanaolisimulia tukio hilo kama kichekesho. Mimi hukumbuka kwamba baba yake Mozart alikuwa amefariki wiki moja tu kabla, tarehe 28 Mei. Huzuni hutafuta mahali pa kusimama, na kaburi dogo linatosha.

Florence Nightingale ana uhusiano gani na wanyama?

Alizaliwa tarehe 12 Mei 1820 mjini Florence, Italia, akapewa jina la mji huo, na tarehe yake sasa ni Siku ya Wauguzi Duniani. Mwaka 1850 akiwa Athens aliokoa kinda la bundi, akaliita Athena na kulibeba mfukoni. Bundi huyo alikufa mwaka 1854, siku chache kabla Nightingale hajaondoka kwenda kuwahudumia majeruhi wa vita vya Crimea. Alikuja kuandika, katika mafunzo yake ya uuguzi, kwamba mnyama mdogo wa kufugwa mara nyingi ni rafiki mzuri kwa mgonjwa, hasa anayeugua muda mrefu. Nakubaliana naye. Nimewahi kusimamishwa karibu na dirisha la mtu aliyelala miezi mingi, na alichotaka ni kunishika pua tu.

Nani alimtendea punda vizuri kazini?

John Simpson Kirkpatrick. Alizaliwa South Shields, Uingereza, tarehe 6 Julai 1892, na akiwa mvulana alifanya kazi ufukweni ya kuwapandisha watoto juu ya punda. Baadaye alijiunga na jeshi la Australia kama mbebaji wa majeruhi. Aliteremka Gallipoli, pwani ya Uturuki, tarehe 25 Aprili 1915, na karibu mara moja akaanza kutumia punda kuwashusha majeruhi kutoka bondeni hadi pwani, huku risasi zikipita. Alikuwa akiwaongoza kwa mkono wa mtu aliyewazoea tangu utoto. Aliuawa tarehe 19 Mei, akiwa na umri wa miaka 22. Majina ya punda wake husimuliwa kwa namna nyingi, na sijali ni lipi lililo sahihi, walitembea naye.

Mandela naye ana kisa cha punda?

Anacho, na alikisimulia mwenyewe. Nelson Mandela alizaliwa tarehe 18 Julai 1918. Akiwa mtoto mchungaji huko Qunu, yeye na wenzake walikuwa wakipanda punda mmoja kwa zamu. Zamu yake ilipofika, punda aliruka na kuingia kwenye kichaka cha miiba kilichokuwa karibu, akamwangusha. Miiba ilimchoma uso, lakini kilichomuuma zaidi ni kuaibika mbele ya marafiki. Alisema kwamba alijifunza hapo kuwa kumdhalilisha mtu ni kumtesa bila sababu, na kwamba tangu utoto alijitahidi kuwashinda wapinzani bila kuwavunjia heshima.

Umoja wa Mataifa uliitangaza tarehe hiyo kuwa siku yake mwaka 2009, na watu huombwa kutoa dakika 67 za kuwatumikia wengine, kwa ajili ya miaka 67 aliyoitoa yeye. Punda wa Qunu namhesabu miongoni mwa walimu wake, nami nasema hivyo kwa fahari kamili.

Kuna siku ya kumbukumbu usiyoipenda?

Ipo. Mwaka 1957 Umoja wa Kisovyeti ulitaka kuadhimisha miaka 40 ya mapinduzi yake, na chombo cha anga kikaharakishwa ili kiruke kabla ya sherehe. Ndani yake aliwekwa Laika, mbwa jike aliyeokotwa mitaani Moscow, ambaye tarehe yake ya kuzaliwa haikujulikana. Aliruka tarehe 3 Novemba. Njia ya kumrudisha haikuwapo. Ulimwengu uliambiwa kwamba aliishi siku kadhaa. Mwaka 2002 ilielezwa hadharani kwamba alikufa kwa joto saa chache tu baada ya kuruka.

Kabla ya safari, Vladimir Yazdovsky, mmoja wa wanasayansi waliohusika, alimchukua nyumbani kwake akacheze na watoto. Alisema alitaka kumfanyia jambo jema. Miaka mingi baadaye mwenzake, Oleg Gazenko, alikiri kwamba walichojifunza hakikutosha kuhalalisha kifo cha mbwa yule. Mimi nikifika kwenye Novemba hiyo, huwa nakaa kwenye ile jioni ya michezo na watoto. Hiyo ilikuwa yake kweli.

Sijui tarehe ya kuzaliwa ya mnyama wangu. Nimfanyie sherehe lini?

Chagua siku aliyofika kwako. Unaikumbuka vizuri, na kwake ndiyo siku maisha yalipobadilika. Ukihitaji umri kwa ajili ya matibabu, daktari wa mifugo atakadiria kwa meno na macho.

Kuhusu sherehe yenyewe, msikilize mnyama. Fataki na maputo yanayopasuka humtisha. Keki ya watu si yake: chokoleti, zabibu na vitunguu ni sumu kwa mbwa. Paka atafurahia zaidi sanduku tupu kuliko umati wa wageni. Ukiwa na punda, usimvishe kofia. Mkune chini ya manyoya ya shingo.

Punda hupata upweke?

Sana. Punda wawili waliozoeana hula pamoja, hupumzika pamoja, hukunana migongo. Ukimtenganisha mmoja, anaweza kuacha kula, na punda asiyekula siku kadhaa huingia hatarini hata afe. Mwenzake akifa, mwache asimame karibu na mwili kwa muda, aone na anuse, mpaka aondoke mwenyewe. Hili mkilikumbuka kuliko tarehe zote nilizotaja, nitaridhika.

Jambo jingine: tunaficha maumivu. Punda mgonjwa hanung'uniki, hunyamaza tu na kupunguza kula. Ukiona nimekuwa mpole kupita kawaida, niitie daktari.

Siku yangu ya kuzaliwa imepita na hakuna aliyekumbuka. Nifanyeje?

Pole, mjukuu wangu. Inauma, na usijilazimishe kusema haiumi. Mtaje mtu mmoja unayemwamini, umwambie wazi: jana ilikuwa siku yangu. Wengi husahau kwa shughuli, na wakiambiwa hufurahi kurekebisha. Kama mtu huyo hayupo karibu, toka nje utembee na kiumbe chochote kinachokufahamu. Na mwaka ujao usingoje wakumbuke, waite mapema.

Tukutakie nini tarehe 8 Mei?

Mahali pakavu pa kusimama, maana manyoya yetu hayazuii mvua vizuri kama ya farasi, na tukilowa tunaumwa. Mzigo uliofungwa sawa pande zote. Mwenzangu awe upande wangu wa kushoto, ndiko tulikozoeana. Na fundi wa kwato, ambaye hutakiwa kila baada ya wiki 6 hadi 10. Kama zamu yake imeangukia tarehe 8, aje asubuhi kabla jua halijawa kali.